Mtalaka na Serengeti boy wake

Mpenzi msomaji, kabla hatujafika kwenye vitabu, hebu tuanze na neno moja la mtaani ambalo bila shaka unalijua, hata kama hujawahi kulitamka mbele ya wakwe. Serengeti boy. Kwa watu wa mpira, Serengeti Boys ni timu yetu ya taifa ya vijana walio chini ya miaka 17. Kwa watu wa saluni, wa kicheni pati na wa meza za chakula cha mchana maofisini, ni kijana wa kiume anayetoka na mwanamke aliyemzidi umri, na mara nyingi aliyemzidi na mfuko.

Aliyelihamisha neno hilo kutoka uwanjani kuja chumbani alikuwa na akili kuliko alivyojua, maana suala la umri limeiandama timu hiyo miaka yote. Mwaka 2005 iliondolewa kwenye fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyebainika kuzidi umri. Mwaka 2017 ikawa zamu ya wenzetu: tulipata nafasi ya kwenda Gabon baada ya Kongo Brazzaville kutupwa nje kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Siku hizi vijana wa mashindano hayo hupigwa picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI ili mifupa yenyewe iseme ukweli. Laiti ingekuwepo mashine ya namna hiyo kwenye mapenzi, jamani, tungeokoa muda mwingi.

Kwa hiyo Kiswahili chetu kilishaunganisha zamani mambo mawili ambayo Wamarekani wanayauzia vitabu: michezo, na penzi la watu waliopishana umri. Tulichokosa ni riwaya yenyewe. Tunaye Willy Gamba wa Elvis Musiba, tunaye Joram Kiango wa Ben Mtobwa, tumekua na hadithi za Shigongo za kila wiki ambazo mtu alikuwa anakatiwa utamu pale pale mlango unapogongwa. Lakini mwanamke wa miaka 39 aliyepewa talaka, mwenye watoto wawili na mkopo wa benki, akapendwa na winga wa miaka 28? Huyo bado hajaandikwa. Ameachwa kwenye umbea.

Wenzetu wanazo rafu nzima. Kitabu ambacho wasomaji wengi wa aina hii watakutajia kama mama yao ni It Had to Be You cha Susan Elizabeth Phillips, cha mwaka 1994. Mwanamke anarithi timu ya mpira wa Kimarekani ya kubuni, Chicago Stars, bila kujua hata mpira wenyewe unachezwaje, na kocha wa timu hiyo, mchezaji wa zamani aliyeachana na mkewe mwanasiasa, anaona kama dunia imemdhihaki. Baada ya hapo milango ikafunguka. Wakaja wacheza magongo ya barafuni, wakaja wa besiboli, wa mbio za magari, na kwenye miaka ya 2020 vijana wa mitandaoni wakazibeba hadithi za magongo ya barafuni mpaka zikapanda kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi. Barafu! Sisi tunaoiona kwenye glasi ya soda tu.

Nimevisoma vingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya wahadhiri wangu wa zamani. Na katika rafu hiyo kuna kona moja ninayoijua vizuri: mwanamke aliyeachika, mwanamichezo aliyemzidi umri, na maisha yanayoanza upya. Mapishi yake yanajulikana. Mume wa zamani ameoa binti mdogo, na hilo halimshangazi mtu yeyote kwenye kitabu. Mwanamke amehamia nyumba ndogo, bomba la jikoni linavuja. Mtoto wake wa kiume ni shabiki wa kufa wa mchezaji fulani. Mchezaji fulani, kwa sababu zisizoelezeka, ndiye jirani. Anakuja kutengeneza bomba akiwa amevaa fulana. Kufikia ukurasa wa 60 bomba limepona ila mwenye nyumba hoi.

Cheka, lakini usitupe kitabu. Kuna kitu humo ndani, na nilikiona vizuri zaidi pale shoga yangu mmoja aliponiazima viwili akavirudisha na maswali.

Huyu shoga yangu sitamtaja. Ni mhasibu, ana miaka 39, aliachika miaka mitatu iliyopita, ana binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Alianza kukimbia Coco Beach asubuhi za Jumamosi kwa sababu daktari alimwambia presha inapanda. Huko ndiko alikokutana na kijana anayecheza ligi kuu, ambaye alikuwa anarudisha mguu baada ya majeraha na hivyo alikuwa anakimbia taratibu kama yeye. Hapo ndipo kitabu na maisha vilipofanana kabisa, mpaka nikamwambia, "Shoga, na bomba lako linavuja?" Akasema la kwake ni tangi la juu.

Kitu cha kwanza ambacho vitabu hivi vinapatia ni mwili. Wenye hekima zetu huzungumzia talaka kama jambo la heshima, la mahari, la nani atabaki na watoto. Hatuzungumzii kwamba mwanamke aliyeishi miaka 12 na mtu asiyemwangalia anaanza kutembea kama anayebeba sanduku la mtu mwingine. Shoga yangu aliniambia kwamba kijana alipomfundisha kunyoosha misuli ya paja kabla ya kukimbia, jambo lililomliza njiani kurudi nyumbani halikuwa mapenzi. Ni kwamba kuna mtu alimuuliza, "Hapa panauma?" na akasubiri jibu. Wanamichezo wanaijua lugha hiyo. Kazi yao ni mwili, wanaishi kwa kuuliza wapi panauma na lini patapona. Ndiyo maana waandishi wa riwaya hawamchukui mwanasheria au mtu wa bima kwa kazi hii. Mtu wa bima naye anauliza panapouma, lakini kwa nia nyingine.

Kitu cha pili ninachotaka tukiangalie kwa utulivu ni hesabu za umri zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea hata wanaposengenya. Ofisini mtu wa miaka 28 ni kijana. Bado anaitwa dogo, bado anatumwa kufuata maji ya kunywa. Uwanjani, winga wa miaka 28 yuko juu kileleni na mteremko anauona kwa macho yake. Akifika 33 magazeti yataanza kumwita mkongwe. Roger Milla alipofunga mabao 4 kwenye Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, dunia nzima ilishangaa kana kwamba babu wa mtu ameshuka jukwaani. Na alikuwa ametolewa kisiwani Réunion, ambako alikwenda kumalizia mpira wake taratibu. Akarudi tena 1994 na kufunga akiwa na miaka 42. Tunamkumbuka Milla kwa sababu ni mmoja. Wengine wote wa umri wake walikuwa nyumbani.

Sasa ukiweka hesabu hizo mbili pamoja, shoga yangu na winga wake hawapishani kama watu wanavyodhani. Yeye mhasibu wa miaka 39 ana miaka 20 ya kazi mbele yake, na mshahara ambao, Mungu akipenda, utapanda. Kijana ana misimu 5 au 6, magoti yakiruhusu. Kanuni za FIFA kwa kawaida haziruhusu mkataba wa mchezaji kuzidi miaka 5, na kwetu ni wachache wanaofika huko. Mwaka mmoja au miwili ndiyo lugha ya kawaida. Kwa maneno mengine, kwenye penzi hili yule mwenye umri mkubwa ndiye ambaye kazi yake ni changa, na yule mdogo ndiye anayekaribia kustaafu. Mwanamke anaanza upya baada ya ndoa. Mwanamume ataanza upya baada ya mpira, pengine wakati ule ule ambapo binti wa mwenzake anaingia chuo na ada inadaiwa.

Riwaya nyingi za rafu ile zinalikwepa hili kwa mbinu moja: pesa. Mchezaji wa Kimarekani wa kwenye kitabu ana mamilioni, ana nyumba ziwani, akistaafu anakuwa kocha au mchambuzi wa televisheni na suti yake inamkaa. Hakuna ukurasa ambapo anakaa sebuleni mchana wa Jumanne, hana kambi ya kwenda, hana mechi, mwenzake yuko kazini, na hajui afanye nini na mikono yake. Phillips kidogo anajitahidi. Kocha wake amekwishastaafu kucheza na kidonda hicho anakijua. Wengine wanafunga kitabu kwenye siku ya ubingwa. Shoga yangu alinirudishia kimoja akasema, "Hiki kimeishia pale ambapo mimi ndiyo ningeanza kusoma."

Nikampa Stella.

How Stella Got Her Groove Back cha Terry McMillan, cha mwaka 1996, hakina michezo ndani yake. Lakini kuhusu mwanamke aliyeachika na mwanamume mdogo, bado sijaona kilichokizidi kwa ukali wa macho. Stella ana miaka 42, ana mtoto wa kiume, ana kazi nzuri ya mambo ya fedha huko California, anakwenda mapumziko Jamaica peke yake, na huko anakutana na Winston ambaye hata miaka 21 hajafikisha. Sehemu kubwa ya kitabu si mahaba. Ni Stella akibishana na kichwa chake mwenyewe, sentensi ndefu zisizopumua, dada zake wakichangia kwa simu. Filamu yake ilitoka 1998, Angela Bassett na Taye Diggs, na nadhani wengi wetu tuliiona kwanza kwenye kaseti ya kuazima kabla hatujajua kuna kitabu.

Kila ninapokitaja kitabu hiki kwenye kundi la watu, hawakosi wawili wa kudakia: "Lakini si unajua kilichompata mwandishi?" Wanasema kwa furaha fulani, kama mtu aliyeshinda dau. Ndiyo, najua. McMillan mwenyewe alikutana na kijana Jamaica mwaka 1995, Jonathan Plummer, aliyempita kwa miaka zaidi ya 20, wakaoana 1998. Mwaka 2005 wakaachana baada ya mume kumwambia kwamba yeye huvutiwa na wanaume. Wakavutana mahakamani, mkataba wa mali waliosaini kabla ya ndoa nao ukawa sehemu ya ugomvi, maneno makali yakatoka hadharani. Miaka mitano baadaye walikaa pamoja tena mbele ya Oprah, wakaongea kama watu.

Sasa niambie, umri umeingilia wapi hapo? Kilichovunja ndoa ile kingeweza kuvunja ndoa ya watu waliozaliwa wiki moja. Lakini mwanamke akimzidi mume umri, kila kinachoharibika kinaandikwa kwenye akaunti ya umri. Gari likiharibika, umri. Mimba ikichelewa, umri, na hapo angalau kuna ukweli wa kidaktari ambao wawili wanapaswa kuuzungumza mapema bila kuogopana. Mwanamume akimzidi mke kwa miaka 15, ndoa ikavunjika, tunatafuta sababu nyingine: mama mkwe, pombe, nyumba ndogo. Tuwe wakweli lakini, nao wanaume hatujawaacha salama. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio zilipotuletea Fataki, lile jibaba linalowinda watoto wa shule, nchi nzima ilicheka na kuelewa. Ila Fataki alikuwa anawinda watoto, na hilo ni baya bila mjadala. Winga wa miaka 28 ni mtu mzima, analipa kodi, ana mtoto wake Morogoro. Kumwita mtoto ni kumkosea yeye kabla hata hatujafika kwa mwanamke.

Nyumbani kwa shoga yangu mjadala ulichukua sura ya pwani. Mama yake ni mtu wa Tanga, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele, hataki kusikia. Shangazi akaleta hoja ambayo kila familia ya Kiislamu inaijua: Bibi Khadija alikuwa mjane na mfanyabiashara, na simulizi mashuhuri husema alikuwa na miaka 40 na Mtume (S.A.W.) miaka 25, na ni yeye Bibi Khadija aliyepeleka posa. Kimya kikapita. Mama akatupa punje yenye jiwe nje ya ungo, akasema, "Yule alikuwa Mtume, wifi yangu. Huyu ni winga."

Nilicheka mpaka machozi nilipohadithiwa. Ila nilipofika nyumbani nikaona kwamba mama hakuwa amekataa umri hata kidogo. Alichokataa ni kazi. Alikuwa anauliza swali ambalo riwaya zile zinalikwepa: atakula nini akiacha mpira? Na swali hilo, ukilivua dharau, ni swali zuri sana la kumuuliza mtu yeyote anayetaka kukuoa, awe mchezaji, awe mtu wa bandarini.

Kuna kitabu kimoja zaidi nilichompa, na hiki ndicho kilichotugombanisha. The Idea of You cha Robinne Lee, cha mwaka 2017. Mwanamke ana miaka 39, ameachika, ana nyumba ya sanaa Los Angeles. Kijana ana miaka 20 na ni mwimbaji wa kundi linaloliza mabinti wa dunia nzima, akiwemo binti wa mwanamke huyo. Ukimbadilishia kijana kipaza sauti ukampa jezi, hadithi haibadiliki: safari zile zile, hoteli zile zile, mashabiki wanaodhani mtu ni mali yao. Kitabu kinamalizika vibaya. Mwanamke anaachana na kijana kwa sababu ya binti yake, ambaye anateswa na maneno ya watu shuleni na kwenye mitandao. Filamu ya 2024, ya Anne Hathaway, ikabadilisha mambo. Kwanza ikamwongezea kijana umri, akawa na miaka 24, na mwanamke akawa na 40. Pili ikawaruhusu waahidiane kusubiri miaka 5, mtoto akue, kisha kijana akarudi.

Mimi ni wa kitabu. Naona Lee alikuwa na ujasiri wa kusema kwamba kuna gharama, na kwamba anayelipishwa si yule aliyekula. Shoga yangu ni wa filamu. Tulibishana kwenye gari kutoka Mikocheni mpaka Mwenge, na wewe unajua foleni ile ilivyo, kwa hiyo tulibishana sana. Akasema, "Wewe unaona mtoto kama sababu ya kuacha. Mimi namuona kama sababu ya kusubiri. Ni vitu viwili." Binti yake wa miaka 14 tayari alikuwa ametumiwa picha kwenye simu, mama yake na mchezaji wamekaa kibandani wanakunywa madafu, imeandikwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye gazeti hili. Mtoto hakulia. Alimuuliza mama yake swali moja tu: "Baba alipooa Dada Fulani, mbona hawakunitumia picha?"

Sina jibu la swali hilo. Na mama yake hakuwa nalo.

Alichofanya kiliniridhisha kuliko ukurasa wowote nilioutaja hapa. Alimwambia kijana kwamba nyumbani haji kwa mwaka mzima. Hakuna kuja kutengeneza tangi, hakuna tiketi za bure kwa yule mvulana wa miaka 9, ambaye kwa bahati mbaya anashabikia timu pinzani. Wataonana Jumamosi, watakimbia, watakunywa chai. Akiwa kambini atapiga simu. Vitabu vya Kimarekani vinapenda kuonyesha mchezaji kama mtu anayepatikana muda wote, wakati msimu mmoja wa NBA una mechi 82 na nusu yake ni za ugenini. Kwetu ligi ni fupi zaidi lakini kambi ni kambi, na basi la kwenda Bukoba halina haraka. Shoga yangu anasema kutokuwepo ndiko kulikomsaidia. Mume wa kwanza alikuwepo kila siku na hakuwepo.

Hapa nikuombe subira kidogo, mpenzi msomaji, tuingie kwenye mambo makavu, kwa sababu napokea barua za wasomaji wanaosema "nimeachika" na ukichimba unakuta wametengana tu. Riwaya ya Kimarekani huanza baada ya karatasi kusainiwa. Maisha yetu mara nyingi huanza kabla. Kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka kwa kawaida hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo mnakwenda mahakamani na hati yake. Kuhama chumba si talaka. Kurudi kwenu Tanga na masanduku si talaka. Na kabla hujaanza maisha mapya na winga wala na mchungaji, jua ulichochuma kwenye maisha ya zamani: kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za wote wawili, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kama mchango. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikumpa alichoomba, lakini mlango alioufungua wanawake wengi wamepita.

Shoga yangu alipita. Nyumba ya Mbezi ilithaminiwa, akalipwa sehemu yake, akanunua kiwanja kidogo kwa jina lake. Winga anajua kiwanja kipo. Hajui hati iko wapi. Nilipomuuliza kama hiyo si dalili ya kutomwamini, akaniangalia kama mhasibu anavyomwangalia mtu aliyepoteza risiti. "Kumwamini namwamini. Hati ni ya watoto."

Kwenye riwaya hilo lingekuwa tukio la kuvunja moyo: kijana anagundua, anaumia, anaondoka mvua ikinyesha. Kijana wa kweli, alipoambiwa, alisema mama yake huko Morogoro alinyang'anywa shamba na shemeji zake, kwa hiyo anaelewa, wakaendelea na chai. Ndipo nilipoanza kumpenda na mimi, kwa maana ya kishemeji.

Mkataba wake unaisha mwisho wa msimu. Klabu haijasema kitu. Mguu umepona lakini kasi haijarudi yote, na kuna kijana wa miaka 19 anayecheza namba yake kwa fujo kubwa. Shoga yangu ameanza kujua majina ya makocha na anasoma kurasa za michezo kuanzia nyuma. Amemtafutia habari za kozi za ukocha, zile leseni za CAF zinazoanzia daraja D, na kijana amekasirika kidogo kwa sababu ni kama kuambiwa umezeeka na mtu aliyekuzidi miaka 11. Walinuniana siku 4. Akarudi yeye mwenyewe Jumamosi ya pili, na fomu mfukoni, haijajazwa.

Mama wa Tanga ameuliza mara moja tu, na hakuuliza kuhusu umri. Ameuliza ile mechi ya Jumapili inaonyeshwa chaneli gani.

Kwa hiyo naomba jambo. Kama wewe unayesoma hapa una muswada kwenye droo, mwanamke wa makamo, talaka iliyopita barazani na mahakamani, mchezaji ambaye mkataba wake unakatika Juni, binti wa miaka 14 mwenye simu, mama mwenye ungo, niletee. Sitaki barafu. Nataka basi la timu limeharibika Chalinze saa nane usiku, na mtu anayesubiri simu iite huku anapiga hesabu za ada. Anwani ya ofisi iko ukurasa wa mbele. Shoga yangu ameomba awe wa kwanza kukisoma, na amesema safari hii mhariri asithubutu kukikata siku ya ubingwa.